Pudini ya tende na shira ya moto, Shella, Malindi

Nianze na lililo wazi. Binti anayepika pudini hizi za Kiingereza hununua tende dukani kwangu, kilo mbili kila Jumatano, zile laini zilizoshikana, si zile kavu za kupanga kwenye sinia ya wageni. Kwa hivyo namjua. Lakini mara nne nilizokwenda kula nimelipa kama mteja mwingine yeyote, na haya ninayoandika ningeyaandika hata kama tende zake angenunua kwa jirani.

Mahali penyewe ni baraza ya nyumba ya mamake, mtaa wa Shella hapa Malindi. Meza tatu, viti vya plastiki, na mndimu mlangoni. Hapana bango. Hufungua Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kuanzia baada ya Alasiri mpaka watu wanapotoka Isha. Alifanya kazi miaka mitatu Watamu kwa bibi mmoja wa Kiingereza ambaye alikuwa mkali jikoni, na mikono yake inaonyesha kuwa alifunzwa.

Sisi watu wa Malindi vitamu vya kizungu tumevijua kwa Wataliano. Hata watoto wa madrasa wanajua jelato na tiramisu. Vya Waingereza vilibaki mahotelini, zama zile walowezi wakishuka kutoka bara kuja kupumzika pwani, na waliovijua hasa walikuwa wapishi. Marehemu babangu alikuwa mmoja wao, katika hoteli moja ya ufuoni. Alizipika pudini hizi miaka mingi, akazibeba hadi mlango wa chumba cha kulia, na hakuwahi kuona mtu wa mtaa wake ameketi mezani akila. Ndiyo sababu nilipoketi pale Shella mara ya kwanza, meza ya pili kuna fundi wa boti na mkewe wanagombea kijiko, nilinyamaza kwanza kabla ya kuagiza.

Kwetu ukisema pudini mtu anafikiria ile ya mayai na maziwa yenye sukari iliyoungua, ya harusini na ya futari. Mwingereza huweza kuita pudini kitamu chochote kinacholiwa baada ya chakula. Asili yake lakini neno hilo lilikuwa la vitu vilivyotiwa ndani ya utumbo wa mnyama vikachemshwa, na hadi leo wanayo pudini ya damu, ambayo si yetu. Baadaye wakafungia kwenye kitambaa, kisha kwenye bakuli. Chombo kimebadilika, kazi ya moto na maji imebaki, na hapo kwenye mvuke ndipo ninapompima mpishi wa pudini. Keki ya kuoka hata mtu wa haraka huipatia. Ya mvuke inataka mtu akae nayo.

Binti huyu anakaa nayo. Nilimwomba niingie jikoni, akasema, "Karibu ami, lakini usifunue sufuria." Bakuli la kauri limepakwa siagi, shira chini, kinyunga juu yake. Mdomo umefunikwa karatasi iliyokunjwa kunjo moja katikati ili pudini ipate nafasi ya kufura, kisha imefungwa uzi. Maji yanafika nusu ya bakuli, yanachemka polepole, na kila baada ya muda anaongeza mengine ya moto. Ya baridi hayatii. Saa mbili nzima. Ukiifunua kabla ya wakati inaanguka katikati, na haiinuki tena.

Shira anapika mwenyewe kwa sukari na ndimu, kwani ya kopo ni ghali. Waingereza wanatumia ile ya Lyle, inayouzwa tangu miaka ya 1880, kopo la kijani na dhahabu lenye picha ya simba aliyekufa na nyuki wamemzunguka. Kisa hicho kimetoka kwenye hadithi ya Samsoni. Baba alileta makopo yale matupu nyumbani. Moja lilikuwa kipimo chetu cha sukari mpaka likatoboka kwa kutu, na kubwa lake ndilo alilopikia pudini yetu sisi watoto, siku moja moja, juu ya jiko la makaa. Sponji ya shira ya pale Shella inapogeuzwa kwenye sahani na shira ikamiminika pembeni, ni ile ile. Laini, nyepesi, na juu imelowa.

Ipo pia ya mafuta ya figo na zabibu kavu. Wengi wameikataa kwa kusikia jina la mafuta tu, na wamejinyima. Ni yale mafuta magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, anayachukua kwa mchinjaji wetu sokoni, halali kabisa, anayakuna na kuyachanganya na unga. Yanachelewa kuyeyuka. Yanapoyeyuka unga umeshaanza kushika, kwa hivyo yanaacha vitundu vidogo ndani na pudini haiwi nzito. Hainuki nyama hata kidogo. Iagizeni.

Sasa nifike kwenye tende. Waingereza wana pudini ya tofi ambayo wengi wao wanadhani ni ya kale sana, kumbe sifa zake zimeenea tangu miaka ya 1970, kutoka hoteli ya Sharrow Bay iliyokuwa kando ya ziwa Ullswater, kaskazini mwa Uingereza, kwa mpishi Francis Coulson. Nchi ya mvua na kondoo, isiyoota hata mtende mmoja, na pudini yao inayopendwa kupita nyingi imesimama juu ya tende. Mimi niliyekulia kwenye tende, baba yangu akiniambia habari za majahazi yaliyozileta na pepo za kaskazi, jambo hili lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Anazitoa kokwa, anazikatakata, anazimwagia maji yanayochemka pamoja na magadi soda kidogo. Magadi yanalainisha lile ganda jembamba mpaka tende yote inakuwa kama rojo. Ukila huoni tende. Unaona rangi ya hudhurungi, unyevu, na utamu wenye kina ambao sukari peke yake haina. Na badala ya ile sukari nyeusi yao ametia sukari guru. Mchuzi wa tofi ni siagi, sukari guru na krimu, vimechemshwa mpaka vikawa vizito, na unamwagwa sahani ikiwa imeshafika mbele yako. Chumvi ipo, kidogo, mahali pake. Nimekula pudini hii mara nne na mara zote imekuwa sawasawa. Kama una nafasi ya kula kitu kimoja tu, ni hiki, na kahawa tungu bila sukari.

Kastadi ndiyo inayoniudhi. Si kwamba anatumia ya unga. Hiyo ni ya Waingereza wenyewe, Alfred Bird wa Birmingham aliitengeneza mwaka 1837 kwa kuwa mkewe mayai yalimdhuru, na sisi pwani tumeizoea tangu utoto. Tatizo ni kuwa mara mbili imekuja vuguvugu, na mara moja ina madonge. Pudini imekaa saa mbili motoni, kisha inamwagiwa kastadi iliyopoa! Nilimwambia, "Mwanangu, kastadi ipike mwisho, mteja ameshaketi." Akaitikia, na Ijumaa iliyofuata ilikuja ikitoa moshi. Jumapili ikarudi kuwa vuguvugu. Anahitaji msaidizi, basi.

Matofaa ya hapa ni ya kuletwa, ghali na ya ungaunga, kwa hivyo ile ya matofaa na chenga za siagi juu anaipikia embe ngowe. Siku ya kwanza ilikuwa maji matupu. Sasa anazikausha kwanza kwenye kikaango na chenga zinabaki kavu, ila ni ya msimu. Pai ya ndizi na tofi, ambayo Waingereza waliibuni mwaka 1971 katika mkahawa wa Hungry Monk kijijini Jevington, anatumia ndizi kisukari na ni nzuri, tamu mno kwangu. Ile ya tabaka za keki, jeli na krimu sikuipenda. Mvinyo hatii katika chochote; pale wao wanapotia, yeye hutia maji ya machungwa.

Kipande ni shilingi 250, kastadi ya ziada 50. Bakuli zima 1,400, uagize kabla ya Jumatano usiku. Njoo na sahani yako yenye kifuniko, kwa sababu vile vikopo vyake vya plastiki vinalegea kwa mchuzi wa moto.

Mara ya tatu nilimbebea mama kipande cha sponji ya shira. Ana miaka 83 na meno machache. Alikila taratibu mpaka mwisho, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Babako alikuwa akitia ganda la ndimu ndani." Nilimpelekea binti habari hiyo. Akatoka nje, akachuma ndimu mbili pale mlangoni, akaniuliza ganda lilikunwa au lilikatwa. Sikujua. Nikarudi nyumbani kumuuliza mama, nikarudi tena Shella na jibu: lilikunwa, la kijani tupu, bila ile nyeupe chungu. Mara ya nne lilikuwemo.