Vikombe vya chai kwa mwenye Parkinson: nilivyovipanga, na kwa nini kile cha mdomo uliochomoza kiko mkiani

Tangu nianze kuandika kuhusu kumtunza mzee wangu mwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na kuufanya mwili uwe mzito, meseji zinazonijia kwa wingi hazihusu dawa wala hospitali. Zinahusu vikombe. Dada mmoja wa Moshi kauziwa kikombe chenye mfuniko na mdomo uliochomoza, kaambiwa ni "maalumu kwa wagonjwa". Sasa mama yake hamwagi chai tena, ila anapaliwa kila asubuhi. Mwingine wa Tanga ana lalamiko lilelile, kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa. Basi leo ni vikombe.

Sitaongelea rangi, ujazo wala kama kinaingia kwenye maikrowevu. Hayo yote utayasoma kwenye boksi. Jambo ambalo halijaandikwa kwenye boksi lolote nililowahi kushika ni hili: kikombe kinamlazimisha mnywaji ainue kidevu kiasi gani?

Tukinunua kikombe cha mtu anayetetemeka, macho yetu yote yako kwenye mkono. Tunasahau koo. Parkinson haiishii mikononi. Inapunguza kasi ya misuli yote, ya kumezea ikiwemo. Mtu akiinua kidevu juu, chai inateremka kwa kasi kabla koo halijajiandaa, na sehemu yake inaingia njia ya hewa. Hapo ndipo anapopaliwa. Na kupaliwa huku si jambo la kupigana mgongo na kucheka. Nimonia inayotokana na chakula na vinywaji kuingia mapafuni ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watu wenye ugonjwa huu. Kikombe kinachozuia chai isimwagike kwenye shati halafu kikaipeleka mapafuni kimetatua nini?

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja, na unaweza kukifanya hapo hapo dukani hata muuzaji akikunja uso. Tia maji kidogo, robo kikombe tu, funga mfuniko, kunywa mpaka yaishe. Ukijikuta unatazama dari, kirudishe. Kikombe kikiwa kimejaa kila mtu ananywa vizuri. Taabu inakuja kwenye mafunda ya mwisho, na vile virefu vyembamba ndivyo vibaya kuliko vyote kwa sababu ukingo unagonga pua na kichwa hakina pa kwenda ila nyuma.

Jambo la pili ni kujua mkono wenyewe unatetemekaje. Mtetemo wa Parkinson kwa kawaida unajitokeza mkono ukiwa umepumzika, umelazwa mapajani. Ukiunyanyua, mara nyingi unatulia kidogo, halafu ukishikilia kikombe hewani sekunde kadhaa, unarudi. Ndiyo maana mzee anaweza kukinyanyua vizuri kabisa kisha akamwaga kikiwa karibu na midomo, hasa wageni wakiwa wanamtazama, maana wasiwasi unauzidisha mtetemo. (Wapo wanaotetemeka zaidi wakiwa wanafanya kitu. Huo mara nyingi ni ugonjwa mwingine, na daktari wa mishipa ya fahamu ndiye wa kuutofautisha, si muuza vikombe.) Kikombe kizuri ni kile kisichomchelewesha hewani.

Namba moja kwangu ni Handsteady, cha Uingereza, na sioni haya kusema nakipendelea. Kishikio chake kinazunguka. Mkono ukipinda au ukiyumba, kikombe chenyewe kinabaki wima kwa uzito wake, na kukiinamisha ili unywe hakuhitaji kupindisha kiwiko na kifundo kama vikombe vyetu vya kawaida. Mzee hanyanyui kidevu. Tena kinafanana na kikombe cha mtu mzima. Hilo kwa baba aliyekuwa anapokea wageni barazani kwake miaka yote si jambo dogo. Cha kitoto atakikataa, na chai ataiacha ipoe mbele yake huku akisema hana hamu. Ubaya wake ni kwamba hapa Dar sijakiona dukani. Ni kuagiza, au kumwomba ndugu aliye Uingereza aje nacho.

Namba mbili, kikombe chenye mkato wa pua. Ni cha plastiki, ukingo wake umekatwa nusu duara upande wa juu, pua inapita kwenye ule mkato na kichwa kinabaki kimenyooka. Kwa kipimo changu cha kidevu hiki ndicho bingwa kabisa, kinamshinda hata namba moja. Nimekishusha kwa sababu hakina mfuniko na hakimsaidii mtu mtetemo, kwa hiyo kitie nusu tu. Uzuri ni kwamba unaweza kukitengeneza mwenyewe: kikombe cha plastiki laini, mkasi mkali, kisha ukingo usuguliwe kwa msasa mpaka usikwaruze mdomo. Usikitumie kwa chai ya moto sana, plastiki laini inalegea.

Namba tatu ni vile vya safari vyenye kitufe, kama Contigo Autoseal. Unabonyeza ndipo kinatoa, ukiachia kinajifunga. Kikianguka, zulia liko salama. Lakini kidole kinachotetemeka ndicho kinachotakiwa kubonyeza, umbo lake ni refu, na kwa kuwa kinahifadhi joto, chai ya saa nzima iliyopita bado inaunguza. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ndio kwanza unaanza, kinafaa. Kwa mwenye shida ya kumeza, hapana.

Namba nne nimeiweka kwa sababu ya mapenzi. Kangaroo Cup ilibuniwa na mtoto wa Marekani, Lily Born, alipoona babu yake mwenye Parkinson anapindua vikombe. Aliongeza miguu mitatu, kikombe kikakaa kwa upana na kikawa hakipinduki hovyo mezani. Kinatatua nusu ya tatizo, ile nusu ya mezani. Kikishanyanyuliwa ni kikombe kama vingine.

Vya bei rahisi: bilauri nzito na mrija mrefu, basi. Mrija unamsaidia asiinue kitu wala kidevu, lakini wenye shida ya kumeza huwa wanavuta kinywaji kingi kwa mpigo, kwa hiyo muulize daktari wake kwanza. Chini ya bilauri weka kipande cha ule mpira wa matundu unaowekwa chini ya zulia. Kinashika meza vizuri sana.

Mkiani kabisa ni hicho cha mdomo uliochomoza, maana ndicho kinachomfanya mzee ainue kidevu na kupaliwa. Sikipi namba.

Kabla hujatoa hela kwa kikombe chochote, angalia saa za dawa. Wengi wetu wazazi wetu wanatumia levodopa pamoja na carbidopa, vidonge vya kupunguza dalili za Parkinson, na utakuta kidonge kinamezwa kwa chai ya maziwa na mayai ya kuchemsha pembeni. Protini ya maziwa na mayai inagombania njia moja na levodopa kuingia mwilini, na dawa ndiyo inayoshindwa. Kwa kawaida inashauriwa kidonge kimezwe kwa maji, nusu saa hivi kabla ya kula. Chai inakuja dawa ikiwa imeshaanza kushika, na kwa baadhi ya wazee hilo peke yake linapunguza kumwagika kuliko kikombe cha Ulaya. Si kwa wote, maana mtetemo ni dalili yenye ukaidi, kuna mikono inayoitikia dawa vizuri na kuna isiyoitikia. Ratiba yenyewe pangeni na daktari wake.

Mnaniuliza pia kuhusu vifaa vya umeme. Kijiko cha Liftware, ambacho kampuni iliyokibuni ilinunuliwa na Google mwaka 2014, kina vihisio kwenye mpini na mota inayosogeza kijiko upande wa pili wa mtetemo. Kilipoingia sokoni bei yake ilikuwa dola 295. Kinataka kuchajiwa, na sisi ugali tunakula kwa mkono. Glovu ya GyroGlove, yenye kisahani kinachozunguka kwa kasi ili kutuliza mkono, ilioneshwa Las Vegas mwaka 2024 kwa bei ya karibu dola 5,900. Nimeishia hapo kuisoma.

Sasa wauzaji. Kikombe kilekile cha mtoto, kikihamishwa kutoka rafu ya watoto kwenda rafu ya viti vya magurudumu, bei inapanda maradufu. Nimeviona vyote viwili katika duka moja, jina la kiwanda lilelile chini ya kitako. Nikamuuliza kijana wa dukani tofauti ni nini. Akaniambia, "Mama, hiki ni cha hospitali."

Na wale wa unga wa upupu ndio wananichosha zaidi. Ukweli ni kwamba upupu una levodopa ya asili ndani ya mbegu zake, na wanasayansi wanauchunguza kwa sababu hiyo. Ndiyo maana anayeunywa anaweza kuona nafuu, na ndiyo maana biashara inakwenda. Ila kwenye kile kichupa hakuna anayejua kiasi gani kimo, leo kidogo, kesho kingi, na mzee anachanganya na vidonge vyake bila kumwambia daktari. Matokeo ni kutapika, presha kushuka, mwili kujinyonganyonga ovyo, wakati mwingine kuona watu wasiokuwepo. Muuzaji hapo hapatikani kwenye simu.

Lakini najua kwa nini wanapata wateja. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2008, uliwapata watu 33 wenye Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba ndio ugonjwa walionao. Mtu asiyejua anaumwa nini atanunua chochote kilichoandikwa "dawa ya kutetemeka".

Mkiagiza Handsteady, jumlisheni gharama ya kusafirisha na ushuru kabla ya kulipa, zisije zikawashangaza uwanja wa ndege. Na kama mfuko unaruhusu chukueni viwili, kwa sababu mfuniko ukipasuka au kupotea, hapa mjini sijapata anayeuza mfuniko peke yake.