Fundi wa ekzosi wa kuja nyumbani: kazi nimeipenda, yeye simtaki tena

Naandika nikiwa bado na hasira na sioni sababu ya kungoja ipoe. Mwenye gari la chini kama IST anayeishi huku kwetu Goba anajua kinachotokea mvua zikishakwangua barabara. Mawe yanabaki yamechomoza katikati, mahali ambapo tairi hazipiti lakini tumbo la gari linapita. Moja likanipata. Bomba la moshi, kile kipande cha kati kinachotoka kwenye masega (kile kifaa cha kusafisha moshi wa injini) kwenda kwenye silensa, likabonyea. Halikutoboka, ila lilibonyea vibaya; nilipolipapasa likiwa limepoa, vidole vilizama kwenye bonde.

Wapo waliosema gari si linatembea, achana nalo. Linatembea ndiyo. Lakini moshi ukibanwa njiani injini inahangaika kuutoa, na mimi nilikuwa naisikia kila nikipandisha kuelekea Makongo Juu: nakanyaga mafuta, gari linajivuta, na mafuta yenyewe yanakwisha upesi kuliko zamani. Bonde la namna hiyo huwezi kuligonga kwa nje likarudi. Linatakiwa livutwe. Nikatafuta fundi wa kuja nyumbani, maana mimi natoka kazini jioni na sina muda wa kushinda gereji. Huyu alisifiwa na jirani. Jina lake silitaji. Bei aliyosema kwenye simu ilikuwa ya kibinadamu, na Jumamosi asubuhi akafika na bajaji, mashine ndogo ya kuchomelea na kijana wake mmoja.

Nikafungua geti. Sikupewa hata habari za asubuhi.

"Mzee yupo?"

"Mzee gani?"

"Mwenye gari."

"Mwenye gari ni mimi, fundi. Karibu."

Akanitazama, akatazama ndani nyuma yangu, akasema, "Haya, basi mpigie simu mzee aje tuelewane." Kama nina mume au sina, hilo halimhusu. Kadi ya gari ina jina langu, hela ya kumlipa ni yangu, na kwenye simu aliongea na mimi. Sasa huyo mzee alitaka amweleze nini ambacho mimi singekisikia?

Nikameza. Akachungulia chini ya gari, hata hakulala vizuri, akainuka na jibu tayari: masega yameziba, tuyatoe, kuna watu wanayanunua, hela yake italipia kazi yote na chenji nitabaki nayo. Bonde hakuligusa hata kwa kidole! Nikamwambia masega yangu hayatoki. Kila mtu Dar anajua kwa nini yanatafutwa: ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Na kazi ya masega naijua. Ndiyo yanayoigeuza kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na harufu, kabla moshi haujatoka nje. Ukiyatoa, gari linanuka, linapiga kelele, na taa ya injini inaweza kuwaka kwenye dashibodi ikagoma kuzimika. Nilimweleza hivyo kwa upole kabisa.

Akacheka. "Mama, umakenika umesomea wapi?"

Hapo ndipo jirani yangu, baba mmoja mstaarabu sana, alikuwa amesogea kwenye geti kuangalia. Fundi akamgeukia kama mtu aliyeletewa msaada: "Mzee, hebu mweleweshe huyu." Jirani akajibu, "Mwenye gari si keshasema?" Namshukuru mpaka leo. Lakini kwa nini sentensi yangu iwe nyepesi mpaka irudiwe na mwanaume?

Kisha akataka kuchomelea bomba likiwa palepale chini ya gari. Bomba la kipande kile linapita karibu na tangi la mafuta, na terminali ya betri hata hakuwa ameifungua, wakati umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari. Gari lenyewe lilikuwa limeinuliwa kwa jeki tu, na alishamwambia kijana aingie. Nikasema hapana, haingii mtu chini ya jeki peke yake nyumbani kwangu, na bomba lishushwe. Akadai bolti zina kutu zitakatika, na zikikatika nisimlaumu.

Na hapa lazima niseme haki, maana kuna mtu wa kusifiwa na si yeye. Kijana wake alikwenda akachukua magogo nyuma ya nyumba, akayapanga chini ya gari, akatikisa gari kwanza ndipo akaingia. Akapulizia bolti mafuta ya kulainisha kutu, akasubiri, akazigonga kidogo kidogo, akapulizia tena. Zile bolti zenye springi zikatoka nzima, zote. Akachomoa raba za kuning'inizia, bomba likashuka chini mikononi mwake.

Kazi yenyewe natamani mngeiona. Alisugua bonde kwa brashi ya chuma mpaka likang'aa, akachomelea nati zikiwa zimesimama kwa ubavu, mstari mmoja katikati ya bonde pale lilipozama zaidi. Akapitisha nondo nene kwenye matundu ya nati, akaweka mbao kila upande, akawa anainua nondo polepole huku mkono mwingine unagonga ukingo wa bonde kwa nyundo ndogo. Chuma bado kina moto. Unaona kabisa bati linapanda. Halikurudi duara kamili, na yeye mwenyewe aliniambia: "Dada, hapa litabaki na alama, ila njia ya moshi imefunguka." Dada. Alinieleza mimi. Akakata nati kwa grenda, akaziba vitundu viwili vilivyojitokeza, akapaka rangi ya kuhimili joto, akaniomba hela ya gasketi mpya kwa sababu ya zamani ilikuwa imeliwa, akaniletea risiti na chenji. Alipolirudisha bomba akawasha injini, akabana mdomo wa ekzosi kwa kitambaa, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio na pale alipochomelea. Hakuna mahali palipotoa mapovu, maana yake moshi hauvuji.

Muda wote huo bosi wake alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kivulini, anaongea na simu.

Ningeweza kusamehe yote. Kweli, wakati kijana anafunga ile bolti ya mwisho nilikuwa nimeshaamua kusema huduma ni nzuri, mdomo wa fundi ndio tatizo. Lakini kilichofuata kiliniudhi kuliko yote. Nikatoa hela, nikampa mkononi. Akahesabu. Kisha akageuka, akamfuata jirani pale getini, na kumpa yeye maelekezo ya mwisho: gari lisiingie kwenye maji leo, bolti zikaguliwe tena baada ya wiki, ukisikia mlio wa kupumua pale kwenye maungio unipigie. Jirani wa watu hata leseni hana! Mimi nimesimama hatua mbili nyuma yake na pochi wazi mkononi.

Nilimwita. Nikamwambia, "Fundi, hayo maneno nilipie mimi halafu umweleze mwingine?" Akasema, "Sasa mama, unagombana na nini, kazi si imeisha?"

Imeisha ndiyo, na imeisha vizuri, siwezi kusema uongo. Gari linapanda Makongo Juu kama zamani, halina mlio wowote, masega yangu yapo. Kwa ubora wa kazi ningetoa nyota tano bila kusita. Kwa huduma nilitaka kutoa mbili. Sasa nimefika hapa nikikumbuka vile alivyonipa mgongo, na naona nimpe moja, na hata hiyo moja namwekea kwa sababu ya mikono ya mtu mwingine.

Kijana nilimpa cha kwake pembeni, na namba yake ninayo. Mashine bado hana. Nikipata shida tena nitakodi mashine mimi mwenyewe, aje afanye.