Kipima oksijeni cha kidoleni: uzoefu wangu nikisoma uuguzi Lamu

Kama unasoma uuguzi na sura ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, inakutoa jasho, kabla ya kununua kitabu kingine nunua kifaa hiki. Changu ni cha bei ya chini, hakikufika shilingi elfu mbili katika duka la dawa Mombasa. Sikukinunua nipime wagonjwa, maana hospitali ina vyake vya maana zaidi. Nilitaka kuiona kemia na fizikia ya darasani kwenye kidole cha mtu: kioo chake huonyesha ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni.

Ndani mna taa mbili ndogo: nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na ya infraredi ya 940, ambayo jicho haliioni. Himoglobini iliyobeba oksijeni hupitisha mwanga mwekundu na kufyonza zaidi infraredi. Iliyokwisha kushusha oksijeni hufanya kinyume. Lakini mfupa, nyama na damu ya vena (inayorudi moyoni) navyo hufyonza mwanga, na hapo ndipo alipoingia Mjapani Takuo Aoyagi mwaka 1974: akahesabu tu ule mwanga unaopandashuka kwa mdundo wa moyo, kwani hiyo ndiyo damu ya ateri, inayotoka moyoni.

Faida kubwa niliipata kwa mjomba, ambaye huzamia kamba mawe. Nilimbandika kidoleni tukiwa barazani, akabana pumzi. Dakika ikapita, namba bado 98, naye ananicheka kwa macho. Alipoachia na kuvuta pumzi ndipo namba ikaporomoka chini ya 90, kisha ikapanda. Mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, damu huchukua muda kutoka mapafuni hadi kidoleni, kwa hiyo kioo husoma yaliyokwisha kupita. Pili, ule mchoro wenye umbo la S unaoonyesha himoglobini inavyoshika oksijeni: mgandamizo wa oksijeni ukishuka kutoka 100 hadi 60 mmHg (milimita za zebaki), himoglobini bado imeshika karibu asilimia 90. Ukivuka hapo ni mteremko mkali. Nilikuwa nimeuchora mara nyingi bila kuuelewa.

Sasa ila zake, na kwetu hazikwepeki. Hina nyekundu haikunisumbua, lakini piko, ile rangi nyeusi ya kujipambia, ni habari nyingine. Binti ami yangu alikuwa ametoka kuolewa, vidole vyeusi hadi kwenye ncha, kifaa kikaonyesha vistari vitupu. Miguu nayo ilikuwa vivyo hivyo, bila shaka. Jua la mchana pia hukichanganya, basi funika kidole kwa leso.

Mbaya zaidi ni pale kinapotoa namba nzuri isiyo kweli. Gesi ya kaboni monoksidi, mfano ya jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hushika himoglobini, na himoglobini hiyo hufyonza mwanga mwekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni. Mtu anazidiwa, kioo kinasema 99. Mwenye upungufu wa damu naye hupata namba nzuri: himoglobini chache alizonazo zimejaa, ila gramu moja hubeba mililita 1.34 tu za oksijeni, na gramu zenyewe hana. Halafu kuna rangi ya ngozi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa weusi vifaa hivi vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kwa sisi wa pwani hilo si jambo la kupita juu juu. Mwalimu wa darasa asipolitaja, muulize.

Kama kifaa, kioo chake kinasomeka hata gizani na ni chepesi mfukoni. Klipu yangu imeanza kulegea, na karatasi ya maelezo haina neno hata moja la Kiswahili. Betri zitoe usipokitumia, kwani chumvi ya hewa ya bahari imeshaanza kula vyuma vyake.