Mawe matatu ya kunolea, kisu cha samaki na mkasi wa fundi

Nauza minofu ya sangara na sato hapa Kirumba, Mwanza, na mdogo wangu anashona nguo chumba cha pili. Jiwe lolote la kunolea likiingia kwetu linakutana na visu asubuhi na mikasi jioni, kwa hiyo sisemi kwa kusikia.

Lile la kijivu la karborandamu, la madukani, lenye pande mbili, ni la bei ya chini. Upande wake wa kukwaruza unakula chuma haraka, na kisu kilichopata pengo kwenye mfupa wa sangara kinarudi sawa. Ila upande wanaouita laini si laini kihivyo, na jiwe lenyewe linalika katikati mpaka linafanya bonde. Kwa kupasulia mapanki, yale mabaki ya mifupa baada ya kutoa minofu, linatosha. Kwa minofu, hapana.

Kwa minofu nimekwama kwenye jiwe la maji, namba 1000 upande mmoja na 6000, iliyo laini zaidi, upande wa pili. Unaliloweka mpaka mapovu yaishe, unakilaza kisu kwa nyuzi 15 hadi 20, unanoa bila kukandamiza. Lile tope linalotoka liache, nalo linanoa. Endelea upande huohuo mpaka kidole kisikie chuma chembamba kimejikunja upande wa pili, kuanzia shina hadi ncha, ndipo ugeuze. Kisu kikitoka kwenye 1000 kinapita kati ya ngozi na nyama bila kuvuta. Hiyo 6000 kwangu ni anasa tu: makali yanang'aa, lakini kwenye ngozi ya sato yanateleza.

La tatu ni bamba la chuma lenye chembe za almasi (si za mgodi wa Mwadui, msijipe moyo, hizi ni za kiwandani). Ndilo ghali kuliko yote, ila halifanyi bonde, na mdogo wangu halikopeshi kwa mtu.

Mkasi una adabu yake. Unanolewa ule mshazari wa nje tu, kwa mlalo uleule uliotoka nao kiwandani. Uso wa ndani, pale pande mbili zinapopishana, haunolewi. Ukishaupunguza, mkasi unaachia uwazi na kitambaa kinajikunja humo badala ya kukatika. Kuna mnoaji anayenolea kwa baiskeli aliyemfanyia mdogo wangu hivyo, tena akaubana kwenye gurudumu mpaka ncha ikageuka bluu. Chuma kikifika hapo kimeshalainika, hata ukinoe vipi hakikai na makali.

Sasa mkasi ukishanolewa, mdogo wangu anaujaribu kwa shifoni, kile kitambaa chepesi, si kitenge. Kitenge hata mkasi butu unakikata. Shifoni ikikatika mpaka nchani bila kutafunwa, basi umekubali.

Kasoro ya bamba: limekuja bila mpira chini, mezani linakimbia. Tunalitandikia kitambaa kibichi.