Pawasoo Iliyonoki Injini: Uzoefu Wangu na Fundi wa Changamwe

Nilinunua Stihl MS 381 ya mkono wa pili, injini imenoki, nikaipeleka kwa fundi mmoja Changamwe, na sasa inakata minazi. Kazi aliyonifanyia ni nzuri na nitamrudia. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Mombasa na Pwani nzima wanaouziwa pawasoo kuukuu wakaambiwa "hiyo ni plagi tu", na zaidi kwa wale waliokwisha kutengeneza injini mara moja, ikafanya kazi kidogo, ikanoki tena. Hao wa pili wanaumia sana, maana wanalipa mara mbili bila kujua kwamba pistoni haikuwa ugonjwa. Kilichoiua ya kwanza kikibaki mle ndani, kitaiua na ya pili.

Mashine niliipata Kisauni kwa mtu aliyeacha kazi ya mbao. Niliinunua nikijua imekufa, na bei tulipatana kwa hali hiyo: shilingi 15,000, pamoja na baa (ule upanga unaozungukwa na mnyororo) na karatasi yake ya ununuzi. Hiyo karatasi usiiache, pawasoo za wizi ni nyingi. Kuijua iliyokufa si kazi. Injini ya ukubwa huu, 72 cc, ukivuta kamba lazima ikubishie mkono. Hii ilikuja laini tangu mwanzo hadi mwisho. Nikafungua sailensa, nikachungulia kwenye tundu la eksosi, nikaiona pistoni ina michirizi ya kusimama na ringi imegandamana na aluminiamu iliyoyeyuka. Ukiwa na bisibisi na spana unaweza kuangalia hivyo palepale mbele ya muuzaji, na asiyekubali ufungue sailensa yake, muage uende zako.

Fundi wa kwanza niliyemwendea, huko mjini, aliitazama kidogo akasema atapiga silinda msasa, atatia pistoni na ringi, nije kuichukua jioni. Sikumwachia. Silinda ya bodaboda nyingi ina chuma ndani, ikichakaa unaichonga na kutia pistoni kubwa zaidi. Silinda ya pawasoo kama hii ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya nikeli ngumu. Haichongwi. Ukiikwangua hadi ngozi ile ikatoka, pistoni inasugua aluminiamu tupu, na aluminiamu kwa aluminiamu hazikai pamoja.

Huyu wa Changamwe nilielekezwa na mkata minazi mwenzangu. Ni mtu mzima, karakana yake ni banda la mabati lenye meza moja safi sana, na usafi wa meza ile ndio ulionituliza kwanza. Nikamwambia, "Mzee, pistoni nimeshaiona, imekwisha." Akanijibu, "Pistoni hata mimi naiona, mwanangu. Nataka kujua kilichoila."

Nieleze alichokuwa akitafuta, maana ndicho nilichokilipia hasa. Injini hizi za tu-stroki hazina oili yake kando chini ya krenki. Oili inaingia pamoja na petroli, na mchanganyiko huo unapitia chumba cha krenki kabla ya kupanda juu kuungua. Kwa hiyo chumba kile lazima kiwe hakipitishi hewa hata chembe. Sili ya krenki, ule mpira unaoziba pale ekseli ya krenki inapotokea nje, ikilegea, injini inavuta hewa ya pembeni isiyo na petroli wala oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unazidi, ulainishaji unapungua, na pistoni inaanza kukwama upande wa eksosi ambako ndiko joto lilipo. Mtu wa nje anaona mashine inalia kwa kasi nzuri, anafurahi. Kumbe inaungua.

Akaziba tundu la eksosi kwa kipande cha mpira wa tyubu alichokibana chini ya sailensa, akaziba na upande wa kabureta, plagi akaiacha mahali pake. Kisha akaunganisha pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia mgandamizo wa hewa kwenye kijitundu kinachopeleka pumzi ya krenki kwenye kabureta, akapuliza hadi nusu ba. Mshale ukaanza kushuka tukiutazama. Akatoa gurudumu la sumaku, akapaka maji ya sabuni, na mapovu yakatoka kwenye sili ya upande huo. Hakuishia hapo. Akageuza pampu akavuta hewa badala ya kupuliza, akanieleza kwamba kuna sili inayozuia ukipuliza lakini inapitisha ukivuta, na injini inapofanya kazi hufanya yote mawili. Sili ya upande wa klachi ilikuwa bado inashika, lakini akasema tutabadilisha zote mbili kwa kuwa zina umri mmoja. Nilikubali bila kubishana.

Vilevile bomba la petroli lilikuwa limekauka na kupasuka nyufa ndogo karibu na tangi, na ile ngozi laini ya ndani ya kabureta inayosukuma petroli imekuwa ngumu. Mashine ikikaa miezi na petroli ndani, petroli inakauka na kuacha utando, na hewa yetu hii ya chumvi inakula kila kitu cha chuma kisichopakwa mafuta. Kwa hiyo palikuwa na njia tatu za kuifanya injini ivute mchanganyiko mwepesi, na aliyetaka kunitilia pistoni siku ileile asingeiona hata moja.

Silinda tulijaribu kuiokoa. Alichovya pamba kwenye asidi ya chumvi, ile inayouzwa kwa kusafishia vigae, akapaka mahali palipogandia aluminiamu ya pistoni. Asidi inaila aluminiamu kwa povu na kuiacha nikeli. Kazi hii ifanyeni nje penye upepo, na glavu mkononi, kisha muoshe silinda kwa maji mengi na kuipaka mafuta papo hapo. Ilipokauka akanipa nipitishe ukucha: kwenye ukingo wa tundu la eksosi ukucha ulinasa. Ngozi ya nikeli ilikuwa imebanduka. Hapo hakuna msasa wala asidi ya kuponya, ni silinda nyingine.

Nilinunua seti ya silinda na pistoni isiyo ya kampuni, ya milimita 52, kwa shilingi 6,500. Pimeni kabla ya kununua, kwa sababu kwenye ukoo wa Stihl 038, ambako 381 imetokea, kuna ndugu zake wa zamani wenye tundu la 48 na la 50, na kwa nje zinafanana. Maoni yangu juu ya seti hii: silinda yenyewe imepakwa vizuri, ila kingo za matundu zilikuwa kali mno, na ringi ikinasa kwenye ukingo mkali inavunjika. Mzee alizilainisha taratibu kwa jiwe laini kabla ya kufunga chochote. Vile vipini viwili vidogo vya kuzuia pini ya pistoni isitoke, alivitupa vya kwenye boksi akatia vingine bora. Nilimuunga mkono. Kipini kimoja kikichomoka mle ndani, umepoteza silinda mpya na pistoni mpya kwa mpigo mmoja. Mshale ulio juu ya pistoni ulielekea eksosi, kama inavyotakiwa.

Jambo ambalo sikuwa na uhakika nalo ni beringi za krenki. Wapo mafundi ambao wangepasua injini nzima ikishapitisha vumbi la aluminiamu. Yeye aliisuuza kwa petroli mara nyingi akiizungusha, akashika krenki akaitikisa huku na huku, akasikiliza. Haikuwa na mchezo wala mkwaruzo, akaziacha. Hadi sasa zimetulia.

Alipomaliza kufunga, kabla ya kuiwasha, alirudia kipimo cha hewa, kuvuta na kupuliza. Mshale ulisimama pale pale. Kwangu mimi hilo ndilo lililomtofautisha na wengine wote, kwa sababu alikuwa anajikagua mwenyewe bila mimi kumuomba. Kipimo cha mbano kikasoma 145 psi. Kabureta aliitegesha kwa sikio: ikiwa haina mti, kasi ya juu iwe na kigugumizi kidogo, na ikiingia kwenye mti mlio unanyooka. Anayekutegeshea ikapiga kelele nyembamba safi ikiwa tupu anakuharakishia kaburi la pistoni.

Gharama zake: sili mbili 900, vifaa vya kabureta 800, bomba na chujio la petroli 600, ufundi 4,000. Ukijumlisha na ile seti, 12,800. Pamoja na bei ya mashine nimetumia 27,800, na nimepata pawasoo ninayoijua ndani na nje.

Malalamiko yapo. Alichelewa kuliko alivyoahidi, na simu hapokei akiwa kazini, kwa hiyo kujua imefika wapi lazima uende mwenyewe. Risiti haandiki mpaka umkumbushe. Na macho yake yote yako kwenye injini: breki ya mnyororo ilikuwa nzito kwa kutu, na kile kipande kinachodaka mnyororo ukikatika hakikuwepo kabisa, lakini hakunigusia lolote hadi nilipouliza. Alivitengeneza vizuri, ila mtu asiyejua angeondoka na mashine yenye nguvu isiyo na breki. Hilo ni kosa kubwa na nimemwambia.

Tangi tatu za kwanza sikuiacha ilie kwa kasi kamili bila mti, ndivyo Stihl wenyewe wanavyoagiza. Baada ya hapo niliipeleka kwenye minazi mikavu ya Mtwapa. Mnazi una ugumu wake nje, ndani ni laini, na ule ugumu wa nje unamaliza makali ya mnyororo upesi. Ukiona inatoka unga badala ya vipande, simama, chukua tupa ya milimita 5.2, noa. Ukiendelea kuisukuma kwa mabavu, injini ndiyo inayolipa. Hii yangu inavuta bila kusita, ikipoa na ikiwa na moto inawaka vilevile.

Oili: tumieni ya 2T, yaani ya tu-stroki, peke yake. Oili ya bodaboda ni ya injini ya fo-stroki, haikutengenezwa kuungua na petroli. Kwa oili ya Stihl ni mililita 20 kwa lita moja, yaani 100 kwa mtungi wa lita tano. Kwa oili ya kampuni nyingine Stihl wanataka mara mbili ya hiyo. Pimeni kwa chupa yenye alama, msikadirie kwa kifuniko.

Mkienda kwake, nendeni asubuhi kabla jua halijapanda, mwageni petroli yote kabla ya kupanda matatu, na mwambieni tangu mwanzo aangalie breki. Bei ya ufundi patana kabla hajafungua, spea nunueni wenyewe baada ya yeye kupima. Na akisema anataka kuipima hewa kwanza, mpeni muda wake.