Kontrola ya koti la umeme kwenye pikipiki: ipi ununue ukiwa Arusha au Moshi

Ukitoka Karatu alfajiri ya mwezi wa saba, ukungu bado umelala barabarani, koti la umeme, lile lenye nyaya za joto ndani, unalitaka liwake hadi mwisho. Ukimaliza kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa na kuingia Mto wa Mbu, saa moja haijaisha, jasho linakutiririka mgongoni. Anayeshuka Sanya Juu kuja Moshi mjini yanamkuta hayo hayo. Kwetu huku baridi na joto ni majirani, na ndiyo maana nasema kitu cha kukitafutia pesa kwanza ni kontrola, yaani kile kidude kinachoongeza na kupunguza moto. Jina la kampuni lililoshonwa kwenye koti lifuate baadaye.

Mwendeshaji wa Ujerumani au Kanada anaweza kuweka kiwango kimoja asubuhi akakaa nacho kutwa nzima. Wewe utabadilisha kila mara, ukiwa na glavu nene mkononi na lori la saruji mbele yako. Kontrola inayokulazimisha uinamishe macho au uachie usukani itakuchosha, na siku moja itakuangusha.

Kama safari zako ni za Moshi mjini na Boma Ng'ombe, hifadhi pesa yako. Koti zuri la upepo linatosha. Mwongozo huu ni wa anayepanga kupita Babati, Dodoma na Iringa hadi Njombe kati ya Juni na Agosti, au anayevuka Namanga na kupanda Limuru asubuhi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kule Makete barafu hutanda kwenye majani. Hewa ya nyuzi 10, ukienda kilomita 80 kwa saa, ngozi iliyo wazi huihisi kama nyuzi 4. Vidole vikifa ganzi, klachi na breki vinachelewa. Hili ni suala la usalama kabla halijawa la starehe.

Piga hesabu ya umeme kabla ya kuagiza

Fungua kitabu cha pikipiki yako utafute wati za mfumo wa kuchaji. BMW R1200GS ya zamani, inayopoozwa kwa hewa, hutoa hadi wati 720. Iliyokuja baada yake, yenye kupoozwa kwa maji, ni wati 510. Pikipiki nyingi za cc 650 ziko chini ya hapo.

Upande wa matumizi, koti la ndani la volti 12 la kampuni ya Gerbing ni wati 77, yaani ampea 6.4. Glavu zake ni wati 27, ampea 2.2. Suruali inaongeza wati 44. Sasa chukua pikipiki yenye wati 375. Taa, pampu ya mafuta, plagi na kompyuta yake vikila wati 240, unabaki na 135. Koti na glavu ni 104, zinaingia. Ukiongeza suruali umevuka, na abiria wa nyuma naye akitaka koti lake, sahau kabisa. Tena hizo wati 375 ni za injini ikiwa inazunguka kwa kasi. Kwenye foleni ya Sakina, injini ikinguruma polepole, unapata kiasi kidogo zaidi na betri ndiyo inayofidia.

Pikipiki ndogo za cc 125 na 150 hazina umeme wa kazi hii. Vijana wa bodaboda wanaovaa jaketi kinyumenyume, mgongo mbele, wanaujua upepo vizuri. Kwa chombo cha namna hiyo, nenda Soko la Memorial pale Moshi utafute jaketi zito la manyoya ya bata katika mitumba, kisha juu yake vaa kitu kisichopitisha upepo. Umeshamaliza.

Nafasi ya kwanza: kontrola ya njia mbili, iliyofungwa moja kwa moja kwenye pikipiki

Hii ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha koti na kimoja cha glavu, vimekaa kwenye usukani au kando ya dashibodi, na waya zake zimepita chini ya tangi hadi kwenye betri. Naiweka juu bila kusita. Mikono na kifua havipoi kwa kasi moja: mikono iko mbele kwenye upepo, kifua kimejificha nyuma ya kioo. Ukiwa na njia moja tu, ama glavu zitakuunguza au koti litakuwa vuguvugu. Ukiwa na njia mbili, kule Mto wa Mbu unazima koti kwa kidole kimoja na kuziachia glavu ziwake kidogo mpaka Makuyuni.

Kontrola nzuri haipunguzi volti. Inawasha na kukata umeme kwa zamu, ikiwashwa muda mrefu zaidi unapozungusha juu, muda mfupi zaidi unapozungusha chini. Kwa njia hiyo yenyewe haipati moto mkali na haipotezi umeme. Angalia mambo matatu kabla ya kulipa. La kwanza ni ampea inazobeba kwa jumla; ukitaka koti, glavu na suruali unahitaji zaidi ya ampea 12, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa 15. La pili ni plagi. Makampuni mengi yanatumia plagi ya duara ya milimita 2.5 kwa 5.5, kwa hiyo koti la kampuni moja huingia kwenye kontrola ya nyingine. La tatu ni koti lenyewe: lazima liwe na waya wa glavu uliotenganishwa na wa koti, la sivyo kitufe cha pili hakina kazi.

Kwa fundi wa huku ina faida nyingine kubwa. Ni waya, fyuzi na kitufe, basi. Ikigoma Kondoa au Makambako, fundi umeme yeyote mwenye testa atafuata waya hadi apate kosa.

Nafasi ya pili: ya rimoti

Hapa kipokezi kinafungwa chini ya kiti au kwenye mkanda wako, na kitufe ni rimoti ndogo unayoibandika popote. Hakuna kutoboa dashibodi, na mahali pa kitufe unapahamisha utakavyo. Kwa aliyenunua pikipiki ya bei na hataki mkono wa fundi kwenye plastiki zake, ni chaguo la maana. Naishusha hadi ya pili kwa sababu rimoti ina betri yake, na betri hiyo ya duara hukuti kila duka la njiani. Rimoti ikidondoka kwenye makorongo, una koti lisilo na usukani. Ukiinunua, nunua na rimoti ya akiba, uitunze pamoja na kadi ya pikipiki.

Nafasi ya tatu: ya kubebeka

Kontrola inakaa kiunoni kwako kwenye kikoba, na kwenye pikipiki unafunga waya mmoja tu wenye fyuzi kutoka betri. Kwa anayeendesha pikipiki mbili, au anayekodi, hii ndiyo yake: waya wa betri ni wa bei ndogo, unafunga mmoja kila pikipiki. Udhaifu wake ni mkono. Kuitafuta kiunoni chini ya koti la mvua, gizani, huku unakwepa mashimo, ni kazi ambayo sipendi mtu yeyote aifanye.

Nafasi ya nne: gripu za joto peke yake

Hizi ni mishikio ya usukani yenye joto. Zinapasha viganja kwa ndani, wakati upepo unashambulia mgongo wa mkono. Ndiyo maana ukiziongezea vikinga mikono vya plastiki zinakuwa kitu kingine kabisa. Oxford HotGrips zina viwango vitano na hula karibu ampea 4 zikiwa juu kabisa. Kwa safari ya Arusha hadi Nairobi zinatosha watu wengi. Gripu ya upande wa mafuta inazunguka na waya wake unazunguka nayo, kwa hiyo mwambie fundi auachie ulegevu. Halafu wewe mwenyewe geuza usukani kulia mpaka mwisho, vuta mafuta, achia, geuza kushoto, rudia. Mafuta yasiporudi yenyewe, usiondoke hapo gereji.

Chini yake: glavu zenye betri zao, na vesti za USB

Vesti ya USB hupata volti 5 kwa ampea 2, yaani wati 10. Linganisha na 77 za koti la kweli. Inafaa kwenye meza ya kahawa Usa River. Glavu zenye betri za lithiamu ni bora kidogo, lakini kwenye kiwango cha juu huzimika mapema na safari bado mbichi.

Usinunue kabisa swichi ya washa-zima tupu, wala kile kipunguza mwanga cha taa za nyumbani. Cha nyumbani kimetengenezwa kwa umeme wa Tanesco, si wa betri ya volti 12.

Kufunga, ambako ndiko pesa inakopotea

Kontrola ya njia mbili kwa kawaida inazunguka kwenye dola 100 kabla ya usafirishaji na ushuru. Inasikitisha kuiona imeunganishwa kwa waya wa spika. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1, ukienda mita 2 na kurudi mita 2 ukiwa umebeba ampea 9, hupoteza karibu volti 0.6 njiani. Wa milimita 2.5 hupoteza kama 0.25. Nunua wa 2.5. Na dukani, kabla hujalipa, omba kipande, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona rangi ya fedha ndani ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Inapata moto na inakatika kwa mtikisiko. Rudisha.

Chanya ianzie kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 15 iwe ndani ya upana wa kiganja kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo mbali inaiacha sehemu ya waya bila ulinzi, na sehemu hiyo hiyo ndiyo inayosuguana na fremu. Kisha weka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme, ya kawaida ya gari yenye namba 30, 85, 86 na 87. Waya wa betri unaingia 30, kontrola inatokea 87, 85 inakwenda hasi, na 86 inapata alama kutoka waya unaowaka funguo zikiwashwa, mfano taa ya nyuma. Ukizima pikipiki, koti limezimika, na betri yako unaikuta asubuhi.

Waya wa hasi wa koti na glavu uurudishe kwenye kontrola, usiufunge kwenye fremu. Kontrola nyingine hukatia umeme upande wa hasi, na ukiufunga kwenye fremu koti litawaka moja kwa moja bila kusikiliza kitufe.

Wenye BMW zinazotumia mfumo wa CAN, ambapo kompyuta ndiyo inayosimamia umeme wa pikipiki, msichomeke koti kwenye tundu la kiwandani. Nyingi hulizima tundu hilo mzigo ukipita takriban ampea 5, na koti peke yake ni 6.4. Pikipiki haijaharibika, inajilinda. Nendeni kwenye betri.

Mafundi wetu wengi ni hodari, ila mazoea ya kusokota waya na kufunga tepu nyeusi tuyakatae kwa upole. Mwambie, "Fundi, naomba tuchomee kwa risasi, halafu tuvike mpira unaosinyaa kwa moto." Lipa muda wake. Barabara ya changarawe na vumbi laini la volkano linaloingia kila mahali vitamaliza kazi ya tepu kabla ya mvua za vuli.

Kitufe kikae upande wa kushoto, ili mkono wa kulia usiachie mafuta. Kisiguse swichi ya honi, kisifunikwe na begi la tangi. Jaribu ukiwa umevaa glavu nene kuliko zote ulizonazo, umekaa kitini, macho mbele. Plagi ya koti itokeze karibu na paja la kushoto, ikiwa na mkia mfupi unaochomoka wenyewe ukishuka bila kukumbuka. Usiifunge kwa kamba.

Ukimaliza, washa injini, weka testa ya kusoma volti kwenye betri. Bila koti, kwenye mzunguko wa safari, unatarajia volti 13.5 hadi 14.5. Washa vyote hadi mwisho, usome tena, kisha achia injini irudi kwenye mzunguko wa polepole usubiri dakika moja. Ikishuka chini ya 12.8 na kubaki hapo, unakula betri. Punguza kitu, na cha kwanza kuzimwa ni taa za ziada za ukungu. Kisha punguza koti. Glavu ziache za mwisho.