Drafti: kijiwe cha maneno au cha kimya?

Dodoma mwarobaini haukosi, na chini yake drafti haikosi. Swali ni ukae na kina nani: wanaocheza kwa mdomo au wanaocheza kimya?

Vifaa ni vilevile: kete 12 kila upande, mara nyingi vizibo vya soda, vyako vimefunikwa na vya mwenzio vimefunuliwa.

Kwenye maneno unajifunza haraka. Hujagusa kete, watazamaji watatu wameshakuonyesha njia, na ukisahau kula, kijiwe kizima kinakukumbusha kuwa kula ni lazima. Ila ushindi si wako. Niliwahi kumfunga mzee mmoja pale Majengo, akampongeza kijana aliyesimama nyuma yangu. Haki yake.

Kwenye kimya unaingia na "shikamoo", au "mbukwenyi" ukiwakuta Wagogo, unasubiri aliyefungwa apishe. Ukigusa kete umeicheza. Kosa unalibeba mwenyewe, hadi kingi ya mwenzio, yaani kete iliyofika mwisho wa ubao, ikatize ubao mzima na kuzoa tatu kwa mpigo. Mchezo mmoja unamaliza vikombe viwili vya kahawa.

Ugomvi? Wengi hudhani uko kwenye kelele. Huko mtu akitaniwa anajibu, yanaisha. Kwenye kimya nimeona mtu akinuniwa wiki nzima kwa kupiga mluzi.

Umehamia juzi kikazi na hujui mtu? Nenda kwa wenye maneno. Unataka kupima kiwango chako? Tafuta wazee wa kimya, na simu uizime.